Goti la Opuk

Siku ile mliponiaga, mkanipa saa ya ukutani na kunilisha keki, yule mwenye maneno mengi kati yenu (anajijua) alisimama akatangaza, "Mzee Omondi hakuwahi kuogopa gari!" Mkapiga makofi. Mimi nikanyamaza kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa nimemeza, kwa hiyo nisahihishe. Nimeogopa magari tangu siku ya kwanza kazini hadi ya mwisho, na yeyote kati yenu asiyeyaogopa naomba asiguse hata baiskeli yangu.

Mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Sina mengi ya kusema juu ya vyeo. Nitawaandikia juu ya gari moja, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini, kabla gereji haijahamia Nyamasaria. Tulikuwa mjini Kisumu penyewe, kwenye banda la mabati nyuma ya reli, mahali ambapo mvua ikinyesha hamsikilizani. Fundi mkuu alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Kakamega, mfupi, mlokole, mkali kama pilipili. Kabla hajaingia chini ya gari alivua kofia akaomba kwa sauti. Kisha alilisukuma gari kwa bega mara tatu aone kama limekaa sawasawa juu ya magogo. Siku ya kwanza nikamuuliza, kama ameshaomba, kusukuma ni kwa nini tena?

"Nimemwomba Mungu," akasema. "Jeki sijaiomba."

Siku hiyohiyo alinishika mikono yote miwili, mmoja akauweka juu ya gurudumu la mbele na mwingine chini, akaniambia nisukume na kuvuta. "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, Mzee."

"Basi bado haujaogopa. Rudia."

Nilirudia mpaka saa ya chakula. Nilidhani ananitesa. Miezi kadhaa baadaye vidole vikaanza kusikia vyenyewe: bushi iliyokufa, beringi iliyolegea, rodi ya stelingi iliyoachana na mwenzake. Nikaanza kujisikia fundi, na huo ndio ugonjwa wenyewe. Fundi wa miaka mitano ni hatari kuliko asiyejua kitu, maana asiyejua kitu huuliza.

Nilikuwa kwenye miaka hiyo mitano Sista Dorina alipotuletea Opuk.

Sista Dorina alikuwa mkunga, akiishi Kombewa. Mwanamke mrefu, sauti ya kanisani, viatu vyeupe ambavyo sijui alikuwa anavipitishaje kwenye tope lile. Opuk lilikuwa gari la marehemu baba yake, mwalimu wa zamani: gari dogo la Kiingereza la miaka ya hamsini, la mviringo, mgongo umeinuka, taa kama macho ya mtu aliyeshtuka. Ndiyo maana wakaliita Opuk, yaani kobe. Wakati ule lilikuwa tayari ni gari la kale. Watu walisimama barabarani kulitazama. Lakini kwa Sista halikuwa pambo. Kila Jumamosi alikwenda nalo Asembo Bay kuwapima akina mama wajawazito, na mama aliyezidiwa alirudi naye kwenye kiti cha nyuma mpaka hospitalini. Miaka hiyo njia ile ilikuwa murramu, udongo mwekundu usio na lami, na mashimo, na gari la kukodi ulipata kwa kudra.

Sasa niwaeleze goti, kwa maana nyinyi mmezoea boljoint za magari ya kisasa. Kwenye magari yale, mguu wa gurudumu la mbele unaishia chini kwa skrubu nene kuliko kidole gumba. Skrubu hiyo imeingia ndani ya kipande cha chuma chenye meno, nacho kimefungwa kwenye mkono wa chini wa springi. Ukikata kona, skrubu inazunguka ndani ya meno hayo. Sisi tuliita goti. Kinachozuia meno yasilane ni grisi peke yake. Grisi ikiisha, chuma kinakula chuma kimyakimya, hata mwaka mzima, halafu siku moja mguu unachomoka na gurudumu linalala chini ya bodi. Hakuna breki wala stelingi itakayokusaidia hapo.

Na sisi tulikuwa na desturi yetu. Gereji zote za Kisumu zilikuwa nayo, lakini sisi tulijivuna nayo zaidi. Gari likimaliza kutengenezwa halikurudishwa kwa mwenyewe likiwa chafu. Tuliteremka nalo hadi ziwani, tukaliingiza majini kichwa kwanza mpaka maji yafike katikati ya magurudumu, tukavua viatu, tukalisugua kwa sabuni mpaka ling'ae. Tuliita kubatiza. Mwenye gereji alikuwa akisema mteja haoni bushi, anaona rangi. Na kweli wateja walifurahi, hasa wa Jumamosi, maana Jumapili gari lilionekana kanisani. Mzee Wafula alikuwa anaguna, lakini hata yeye hakuwahi kukataza.

Sista alikuja na Opuk mara tatu ndani ya mwaka mmoja, malalamiko yaleyale. "Fundi, Opuk inalia. Nikikata kona inasema nyiii. Halafu kwa murramu inanipeleka huku na mimi nataka huku."

"Ni ukavu tu, Sista. Tutaipiga grisi."

Na nikaipiga grisi. Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa, Mzee Wafula yuko likizo kwao, mimi ndiye mkubwa. Nilipiga jeki chini ya chesisi, nikainua mbele yote, nikashika gurudumu juu na chini kama nilivyofundishwa. Kimya. Limekaza kama jipya. Nikachukua bomba la grisi, nikapiga mafuta kwenye magoti yote mawili, nikashusha, nikateremka nalo ziwani nikalibatiza. Saa nane Sista alikuja akazunguka gari lake, akaona uso wake kwenye mlango.

"Iko sawa, Fundi?"

"Iko sawa kabisa, Sista. Enda bila wasiwasi."

Hayo maneno mawili, bila wasiwasi, sijayatamka tena maishani. Mtanisamehe.

Kesho yake asubuhi Mzee Wafula alirudi, begi bado begani, akauliza kazi za wiki. Nikamhesabia. Nilipofika kwa Opuk nikajisifu kidogo. Nilisema nimepima magoti, hayana kitu.

"Ulipiga jeki wapi?"

"Chini ya chesisi, Mzee."

Akaweka begi chini. Pale uani palikuwa na gari la aina ileile, ndugu ya Opuk, la karani mmoja mstaafu, tulilobatiza mara nyingi tu. "Pima hiyo, vile ulipima ya Sista," akaniambia. Nikapima. Kimya. "Sasa shusha. Hamisha jeki, weka chini ya mkono wa springi."

Nikahamisha. Gurudumu likaachana na ardhi. Mzee akasukuma mtaimbo chini ya tairi, akauinua kidogo tu kwa mkono mmoja. Gurudumu likaruka juu, likashuka: kak, kak. Unene wa kidole.

"Jeki ikiwa kwa chesisi, springi inasukuma mkono chini, inakaza goti, inakuficha ubovu," akasema. Hakupandisha sauti, na hiyo ilinitisha zaidi. "Fungua hapo pa kuingizia grisi."

Nikafungua. Nilitarajia grisi. Yalitoka maji. Maji ya kahawia, na mchanga, na baada ya mchanga unga mwekundu wa kutu. Nilitazama yale maji yakidondoka kwenye kiganja changu na nikaelewa yote kwa mara moja. Grisi niliyoiweka saa nne, saa sita nilikwenda kuiosha kwa mikono yangu. Mwaka mzima nilikuwa nalinywesha goti la Opuk ziwa.

"Sista iko wapi leo?" Mzee akauliza.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Alikuwa njiani kwenda Asembo Bay.

Wakati huo hakukuwa na simu ya mfukoni, wacheni kuniuliza. Tulipanda pikapu ya gereji, Mzee akashika stelingi kwa sababu mimi mikono ilikuwa haishiki. Niliogopa, niseme wazi. Niliogopa kuliko siku niliyofiwa na baba. Baba alikufa kwa ugonjwa. Huyu nitakuwa nimemuua mimi, na mama mja mzito nyuma yake, siku moja baada ya kumwambia hana haja ya wasiwasi. Kila kona niliyoona watu wamesimama barabarani, moyo ulisimama nao. Mara moja walikuwa wanagombania samaki. Mara nyingine ng'ombe alikuwa amelala katikati ya njia hataki kuamka. Mimi nilikuwa nimeshaona viatu vyeupe majanini.

Kombewa nikamuuliza mama mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, kama Sista amepita.

"Amepita kitambo, na ile Opuk yake. Leo imeng'ara yawa! Nani ameiosha?"

Mzee Wafula alijikohoza akaondoa gari.

Baada ya Kombewa nilikuwa natazama murramu mbele yetu, nikitafuta alama zake. Matairi ya gari lile yalikuwa membamba, unayatambua. Alama ya gurudumu la kushoto ilikuwa inayumba. Sehemu zingine ilikuwa imeburuta upande kama mtu anayechechemea. Nikamwonyesha Mzee. Akaniambia, "Nimeiona tangu Holo kule nyuma." Hakuwa ameniambia kwa maili zote hizo.

Tulipofika ufukweni Asembo Bay, niliona Opuk kabla sijaona kitu kingine. Lilikuwa zima. Lilikuwa limeingia ziwani kichwa kwanza, maji katikati ya magurudumu, na wavuvi watatu wamekunja suruali wanalisugua kwa matambara. Ndivyo walivyomshukuru Sista kila Jumamosi kwa kuwahudumia wake zao. Hakuna aliyewatuma.

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia Sista alipotoka kwenye nyumba moja ya karibu, mikono imelowa, nyuma yake wanawake wawili wamemshikilia mama kijana aliyekuwa anauma kanga ili asipige kelele. "Toeni Opuk kwa maji!" Sista akaita. "Mtoto amekaa vibaya, tunaenda hospitali sasa hivi!" Halafu akatuona. "Aa, Fundi! Mnatafuta nini huku?"

Nikamtazama Mzee Wafula anisemee. Alikuwa mkubwa wangu, mlokole, mwenye mvi. Alivua kofia akaishika, akatazama ziwa. Hapo nikajua hatanisemea.

Jamani, kuna woga wa kufa na kuna woga wa kusema, na mimi siku ile niliupima wote. Nilijua nikifungua mdomo, jina langu limeisha, Kisumu hadi Bondo. Na nikinyamaza yule mama atapanda kiti cha nyuma.

"Sista, usipande hiyo gari."

"Kwa nini? Si jana uliniambia iko sawa?"

"Nilikuambia. Nilipima vibaya. Goti ya kushoto imeisha, na ni mimi nimeimaliza. Nilikuwa naweka grisi halafu naipeleka ziwani kuiosha."

Wavuvi wakaacha kusugua. Mmoja alitazama kitambaa mkononi mwake kama kimemuuma. Sista alinikazia macho, nami nikatazama viatu vyake. Mama kijana akalia mara moja, kwa sauti ndogo.

"Ningembeba huyu," Sista akasema taratibu. "Na hiyo."

"Ndiyo, Sista."

"Haya." Akageuka. "Fungueni pikapu, tandikeni. Mzee Wafula, utaendesha. Wewe," hakuniita Fundi, "baki na gari yako uliyotengeneza."

Wakaondoka. Mzee aliniambia neno moja tu kupitia dirishani: "Itoe polepole."

Niliingia Opuk. Kiti kilikuwa na harufu ya dawa ya hospitali. Nilipiga moto, nikaweka rivasi, nikakata stelingi yote ili nirudi nyuma kuelekea mchangani. Gari lilisogea hatua mbili, labda tatu. Kasi ya mtu mgonjwa anayekwenda chooni. Nikasikia ka! moja, kavu, chini ya miguu yangu, na pua ya Opuk ikaanguka upande wa kushoto. Gurudumu lilikuwa limelala chali chini ya bodi.

Sikuweza kutoka. Nilikaa nimeshika stelingi, maji yanaingia kwa mlango. Nilikuwa naona mteremko wa kurudi Kombewa. Nilikuwa naona kiti cha nyuma. Mvuvi mmoja akaja akagonga kioo.

"Fundi, toka nje. Maji imefika kwa kiti."

Wakalibeba kwa mikono, wanaume wanane, wakaliweka mchangani kama mtumbwi. Nikakaa kando yake mpaka Mzee Wafula aliporudi alasiri. Nilimuuliza habari za mama kabla hajazima injini. Alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike. Nikalia, sitaficha, nililia pale mbele ya wavuvi. Mzee alisubiri nimalize, akainama akatazama gurudumu.

"Sasa umepima," akasema.

Tuliwekea Opuk magoti mapya, yote mawili. Yalikuja na basi kutoka Nairobi, hayajawahi kuguswa, bado yana karatasi ya nta. Wale mtakaokutana na magari hayo, na bado yapo kwenye mazizi ya watu, angalieni: meno ya kulia na ya kushoto hayazunguki upande mmoja. Ukiyachanganya utafunga siku nzima na kulaumu mchawi. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, zungusha kwa mkono usikie kama inakwama. Piga grisi mpaka moyo wako uridhike, kisha endelea kupiga mpaka ile ya zamani yote itoke na mpya ionekane safi. Jeki chini ya mkono wa springi, mtaimbo chini ya tairi. Inua. Ikiruka, fungua tena. Na grisi ikishaingia, gari lisikaribie ziwa.

Hilo la mwisho lilileta vita. Mwenye gereji alisema nitamfukuzia wateja. Nilimwambia anifukuze mimi kwanza. Hakunifukuza, sijui kwa nini. Nadhani Mzee Wafula alizungumza naye, ingawa alikana. Tukaanza kuosha kwa ndoo na kitambaa, milango na vioo basi. Wateja walinung'unika. Wakaniita fundi wa magari machafu, na mjue hapo ndipo jina lile lilipotoka, halikuwa sifa.

Sista Dorina alikuja kuchukua Opuk siku ya Ijumaa. Nilijua angekwenda gereji nyingine, na nilikuwa nimeshajitayarishia hotuba. Alizunguka gari lake. Tope la Asembo Bay lilikuwa bado kwenye bodi.

"Haujaiosha."

"Hapana, Sista."

"Niambie, iko sawa?"

"Nimepima mara nne," nikasema. "Bado naogopa."

Akanyoosha mkono nimpe ufunguo. "Hiyo sasa ndiyo nilitaka kusikia," akasema.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yetu. Miaka ya themanini ikaisha, Mzee Wafula akastaafu akarudi kwao, tukahamia Nyamasaria, na Sista alikuwa anakuja na Opuk kila baada ya miezi mitatu. Hakuuliza tena kama gari iko sawa. Aliuliza, "Umeogopa leo, Fundi?" Nami nikajibu, "Nimeogopa, Sista." Akaingia akaenda. Baadhi yenu mlikuwa mkicheka nyuma ya mabati. Niliwasikia.

Mara ya mwisho ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Alikuwa karibu kustaafu, nywele zimekuwa nyeupe kama viatu. Nilikuwa nimeinua, nimeshusha, nimeinua tena. Nikampa ufunguo nikasubiri swali langu. Hakuuliza. Aliketi, akafunga mlango, akawasha injini. Nikapatwa na wasiwasi, nikamfuata mpaka dirishani.

"Sista, leo haujaniuliza."

Akateremsha kioo.

"Nimeangalia mkono wako ukinipa ufunguo, umeshanijibu," akasema, na akaondoka.